MAKOSA YETU YA KIINGEREZA NA MAHALI YANAPOTOKA

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa katika mkutano wetu hapa Machame.)



Kamati iliniomba niseme machache juu ya Kiingereza, kwa kuwa nimekifundisha kwa miaka mingi katika shule mbalimbali za mkoa huu. Sikuja kufundisha sarufi tangu mwanzo hadi mwisho. Ndizi ziko jikoni, na harufu ya nyama imekwisha kufika hapa nilipo. Nikirefusha maneno nitabaki nahutubia viti.

Nina mambo mawili tu. La kwanza ni kwamba makosa yetu mengi ya Kiingereza hayatokani na ujinga. Yanatokana na lugha zetu wenyewe, nayo yana mpango wake. La pili ni kwamba makosa hayalingani uzito. Yapo yanayochekesha tu, na yapo yanayoweza kumkosesha mtu kazi au kumtoa roho. Mwanafunzi mwenye busara aanze na haya mazito.

TUMEFIKAJE HAPA

Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893 waliwakuta wazee wetu wanasema Kichagga. Wageni hao wakaja na Kijerumani. Kiswahili kikapanda mlima kutoka pwani pamoja na biashara na serikali. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza nao wakaleta lugha yao. Mwaka 1967, wakati wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, lakini sekondari ikabaki na Kiingereza.

Matokeo yake mnayajua. Mtoto wa hapa hulelewa kwa Kichagga au kwa Kiswahili, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu akifika kidato cha kwanza anakuta baiolojia, jiografia na hesabu zote zimevaa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike na sekondari pia. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakaona kwamba wengi hawakijui kiasi cha kuweza kusomea masomo mengine. Mwalimu Nyerere alisema miaka hiyo kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Ubishi juu ya lugha ya kufundishia haujaisha mpaka leo, nami sitaumaliza kabla ya chakula. Ila jambo moja ni yakini: mwanafunzi anayekosea Kiingereza hapa si mvivu. Anabeba mzigo wa lugha mbili au tatu kwa kichwa kimoja.

MAKOSA YANAYOUMIZA

Nianze na neno dogo kabisa, yaani "ndiyo". Mtu akikuuliza kwa Kiswahili, "Hujala?", nawe kweli hujala, wengi wetu tutajibu, "Ndiyo, sijala." Maana yake ni kwamba usemayo ni kweli. Mwingereza hafanyi hivyo. Yeye hatazami kama swali limesema kweli, hutazama kama jambo lenyewe lipo au halipo. Ikiwa hujala, jibu lake ni "No". Ikiwa umekula, jibu ni "Yes", hata swali liwe limekanusha.

Msicheke, maana hapa kuna hatari. Hebu tuseme daktari mgeni anamwuliza mgonjwa asubuhi ya kupasuliwa: "You have not eaten anything?" Mgonjwa, akifikiri kwa Kiswahili, anajibu "Yes", maana yake sijala. Daktari anaelewa kwamba amekula. Hapo bahati ni nzuri, kwa kuwa ataahirisha kazi tu. Sasa geuza. Vijana wengi wa hapa wanapandisha wageni mlimani kwa njia yetu ya Machame. Kiongozi anamwuliza mgeni juu kule, ambako hewa ni nyepesi: "You don't have a headache?" Mgeni anajibu "Yes", naye maana yake ni kwamba kichwa kinamwuma. Kiongozi anasikia "ndiyo, sina", anasema twende. Kilele kiko mita 5,895, na ugonjwa wa kimo hausubiri sarufi. Dawa yake ni rahisi: usiulize swali la kukanusha. Uliza, "Do you have a headache?" Na wewe ukiulizwa swali la kukanusha, usijibu kwa neno moja. Jibu kwa sentensi nzima: "No, I have not eaten." Sentensi nzima haimdanganyi mtu.

La pili ni saa. Sisi huhesabu saa tangu jua kuchomoza, na ni hesabu ya akili sana kwa watu wanaokaa karibu na ikweta, ambako jua halichelewi. Mwingereza huhesabu tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Kati ya saa zake na zetu mna tofauti ya saa 6. Kijana akimwandikia mgeni kwamba basi litaondoka "at 1 o'clock", akikusudia saa moja asubuhi, mgeni atafika kituoni saa saba mchana na basi liko Korogwe. Vivyo hivyo barua ya kuitwa kwenye usaili ikisema "2 p.m.", ni saa nane mchana. Ukiandika saa kwa Kiingereza, ongeza au punguza 6, kisha isome tena kabla ya kufunga bahasha.

La tatu ni mazoea. Kiswahili kina "hu-" ya kupendeza: "Mimi huamka mapema." Wanafunzi wengi hutafuta mwenzake katika Kiingereza wakaokota "used to". Basi kijana anaandika katika barua ya kuomba kazi: "I used to wake up early and I used to work hard." Anadhani amejisifu. Mwenye kazi anasoma kwamba zamani huyu alikuwa akiamka mapema na kufanya kazi kwa bidii, lakini siku hizi ameacha. Barua inaingia kikapuni. "Used to" ni ya jambo lililokwisha pita. Kwa mazoea ya sasa sema tu "I wake up early", au "I usually wake up early".

La nne ni viungo vya mwili. "Mkono" wetu ni mmoja, kuanzia begani hadi vidoleni. Mwingereza ameukata vipande viwili, "arm" na "hand". "Mguu" nao ameukata, "leg" na "foot". Hata "kidole" amekigawa: cha mkono ni "finger", cha mguu ni "toe". Mtu aliyevunjika karibu na kiwiko akisema amevunjika "hand", daktari atatazama kiganja. Anayejaza fomu ya ajali au ya bima aandike sawasawa, maana fomu haioneshi kwa kidole.

La tano ni jamaa. Kwetu ndugu wa baba ni baba: yuko baba mkubwa na baba mdogo, na watoto wao ni kaka na dada zetu. Hili ni jema, nami siombi mtu aliache. Lakini fomu za wageni hazina nafasi yake. Anayeandika "my father" katika karatasi moja, na katika karatasi ya pili akamtaja "father" mwingine, ataonekana mwongo mbele ya mtu anayetoa viza au msaada wa ada. Katika karatasi za namna hiyo baba mdogo ni "uncle", na mtoto wake ni "cousin". Nyumbani mwite baba kama kawaida.

MAKOSA YANAYOKERA TU

Haya sasa ni mepesi zaidi, lakini ndiyo yanayojaza madaftari kwa wino mwekundu.

Kwanza, "he" na "she". Kichagga na Kiswahili ni ndugu, vyote ni vya Kibantu, na vyote havitenganishi mume na mke katika kiwakilishi. "Anakuja" ni baba, mama, au hata ng'ombe. Kwa hiyo kijana husema, "My mother is sick, he is in hospital." Ulimi wake haujazoea kuuliza kwanza kama ni mume au mke. Hili haliondoki kwa kukariri. Huondoka kwa kusimulia hadithi kwa sauti, hadithi ya mama na mwana, mpaka ulimi uzoee.

Pili, kumtaja mtu mara mbili. Sisi tunasema, "Baba yangu analima kahawa," na ile "a-" ya "analima" ni lazima iwepo. Mwanafunzi anaihamisha: "My father he grows coffee." Kiingereza kinatosheka na "my father". Ndugu yake kosa hili ni "the man whom I met him", kwa sababu sisi husema "mtu niliyekutana naye". Ile "naye" iache hapa hapa.

Tatu, "-na-" yetu hubeba kazi mbili. "Ninasoma" ni sasa hivi, na pia ni kwa kawaida. Hivyo wanafunzi huandika "I am knowing", "I am understanding", "I am having two cows". Kujua, kuelewa na kuwa na kitu ni hali, si shughuli inayoendelea, na Mwingereza husema "I know", "I understand", "I have". Hapo hapo niongeze "I did not went". Wakati uliopita umekwisha kutajwa na "did", kitenzi kinachofuata kiache kipumzike: "I did not go."

Nne, "-ni" ya mahali na neno "kwa". "Nyumbani" yaweza kuwa kukaa nyumbani, kwenda nyumbani, au kutoka nyumbani. Kitenzi ndicho kinachoeleza. Katika Kiingereza kazi hiyo hufanywa na kihusishi. "Alichukua fedha sandukuni" si "he took the money in the box", ni "from the box". "Nimepata barua kwa baba" ni "from my father". Kinyume chake, viko vitenzi visivyotaka kihusishi chochote. Sisi huzungumza juu ya jambo, kwa hiyo twaandika "discuss about". Sema "discuss the matter", basi.

Tano, wingi. Sisi tuna "habari nyingi", "mashauri", "mizigo" na "vyombo", tukaandika "informations", "advices", "luggages" na "furnitures". Maneno haya kwa Kiingereza hayana wingi. Ukitaka kuhesabu sema "a piece of advice", "two pieces of luggage". Kadhalika nywele za kichwani, ingawa ni maelfu, ni "hair". Na mahindi, ingawa gunia limejaa, ni "maize". Lakini mvua za masika ni "the long rains", kwa wingi. Hapo sisi na Mwingereza tumepatana.

Sita, kale kaneno "the". Lugha zetu hazina neno kama hilo, na ndiyo sababu hata mtu aliyesoma miaka 20 bado hulikosea. Nitawapa kanuni moja tu, ya jiografia ya kwetu. Mito inalitaka: "the Kikafu", "the Weruweru", "the Pangani". Safu za milima zinalitaka: "the Pare Mountains", "the Usambara Mountains". Mlima mmoja haulitaki: "Mount Kilimanjaro", wala si "the Mount Kilimanjaro". Kwa hiyo mkikumbuka kwamba mlima wetu umesimama peke yake bila msaada wa "the", mtakuwa mmeshika kanuni hiyo kwa maisha yote.

Saba, jozi za maneno. Kwetu "kuazima" ni kuchukua na pia kutoa: mimi naazima kalamu kwako, nawe waniazima. Kwa hiyo tunasikia "Borrow me your pen." Anayechukua ndiye "borrow", anayetoa ndiye "lend". Na redio kwetu hufunguliwa na kufungwa, harufu husikiwa, na dawa hunywewa hata kama ni kidonge. Mwingereza hafungui redio, anasema "switch on". Hasikii harufu, anasema "smell". Kidonge hakinywi, anasema "take". Hakuna sababu ya kutafuta mantiki. Kila watu na desturi zao, nasi tukiambiwa kwamba simu "inapigwa" bila kosa lolote, hatushangai.

ADABU ZETU KATIKA KIINGEREZA

Yapo maneno matatu ya adabu yanayowashangaza wageni. Mtu akijikwaa tunasema "pole", na kwa Kiingereza "sorry". Mgeni hugeuka akatafuta kosa ulilomfanyia, kwa kuwa kwao "sorry" hasa ni neno la mwenye kosa. Mtu akipita wakati wa chakula tunasema "karibu", na kwa Kiingereza "welcome". Mgeni husema asante, akaenda zake na njaa yake. Mwambie waziwazi: "Come and eat with us." Na la tatu nimelisikia leo asubuhi hapa langoni si mara moja, watu wa madarasa ya zamani walipokutana: "You are lost!" Kwa Kiswahili "umepotea" ni salamu ya upendo. Kwa Kiingereza ni habari mbaya kwa msafiri. Lakini kati yetu sisi wenyewe siioni kuwa kosa. Kila aliyeisikia alielewa, akacheka, akakumbatiwa.

LUGHA YETU SI MASIKINI

Ndugu Mwenyekiti, naomba nisieleweke kwamba Kiingereza kina kila kitu nasi hatuna kitu. Mwingereza ana neno moja tu, "rice". Sisi tuna mpunga shambani, mchele gunia, na wali sahanini, na anayechanganya matatu hayo hatapata chakula. Yeye ana "coffee". Sisi tuna mbuni, ambao ni mti, na buni, na kahawa. Mtoto wa Machame aliyekulia chini ya migomba anajua majina ya ndizi ambayo kamusi ya Kiingereza haijayaota. Na neno "safari" Waingereza wamelichukua kwetu, wanalitumia kila siku, na wala hawalitumii kwa maana yetu kamili.

Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh, na Kiingereza chake kilisikilizwa duniani kote. Huyo huyo ndiye aliyetafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, ya Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mtu huyo hakujifunza Kiingereza ili aidharau lugha yake. Alikichota, akaja kumwaga kisimani kwetu.

NINI KIFANYIKE

Kwenu wanafunzi nina maneno matatu. Kwanza, semeni. Katika shule nyingi za Afrika Mashariki, zamani na hata karibuni, mtoto aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani alivalishwa kibao shingoni, au alirudishwa mlangoni mwa ofisi ya walimu asihudumiwe mpaka aseme Kiingereza. Nimefundisha watoto waliopitia hayo. Wengi hawakujifunza Kiingereza, walijifunza kunyamaza. Anayesema "he" badala ya "she" nitamsahihisha katika dakika moja, lakini anayenyamaza sina cha kumsahihisha. Kwa hiyo mwenzako akikosea, usimcheke. Mpe neno lililo sawa, aendelee.

Pili, kila mmoja awe na daftari dogo la makosa yake mwenyewe. Upande wa kushoto andika ulivyosema, wa kulia andika inavyotakiwa, na chini yake neno la Kiswahili au la Kichagga lililokuponza. Baada ya muhula mmoja utaona kwamba makosa yako si 1,000. Ni kumi au kumi na tano, yanayorudi rudi kama mbuzi wa jirani. Ukishajua mlango yanakoingilia, utauziba.

Tatu, someni vitabu vyepesi, vingi, vya hadithi, mbali na vile vya mtihani. Kamusi iwe karibu, lakini msiikimbilie kwa kila neno. Kanuni ya "the" huingia masikioni kwa kusoma kurasa nyingi kuliko kwa kukariri.

Na kwetu wanafunzi wa zamani, nina ombi. Tunapokuja hapa huahidi mabati, saruji na madawati, na hayo ni mema. Mimi naomba kitu kisicho na gharama kubwa. Kila mmoja wetu achukue mwanafunzi mmoja. Mwanafunzi huyo amwandikie barua moja ya Kiingereza kila muhula, ya habari za kweli: shamba, masomo, mpira, mvua. Mwenzetu airudishe ikiwa imesahihishwa kwa upole, pamoja na majibu yake. Wamo kati yetu madaktari, mahakimu, wahasibu, viongozi wa wageni mlimani na wenye maduka. Kila mmoja anajua makosa yanayogharimu katika kazi yake, na hakuna kitabu kinachoyaorodhesha yote. Karani wa benki anajua barua gani hutupwa. Muuguzi anajua jibu gani huleta hatari. Elimu hiyo ikibaki vichwani mwetu tutazikwa nayo.

Nimeweka daftari mezani pale karibu na mlango. Upande mmoja wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili wamekwisha andika majina yao. Upande wa pili uko wazi. Naomba ndugu zangu tupite pale kabla ya kupita kwenye sahani.